Mgeni Asiyepewa Jembe: Mihuri na Taarifa za Wastaafu wa Kigeni Nchini Uthai

Wazee wetu waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, hawakuwa na nia ya kumfukuza mgeni huyo. Nia yao ilikuwa kumwingiza ndani. Mgeni aliyeketi mkekani akaandaliwa chakula alibaki kuwa mgeni. Bali yule aliyeshika jembe, akalima pamoja na wenyeji, akavuna nao, akachimba nao makaburi ya marehemu wao, baada ya misimu kadhaa alikuwa na jina, na shamba, na jirani wa kumwita usiku. Jembe ndilo lililokuwa hati yake ya ukaazi. Katika makala haya tunakusudia kuitazama nchi moja ya mbali ambayo imelishughulikia jambo hili hili la mgeni anayekaa muda mrefu kwa njia iliyo kinyume kabisa cha methali yetu.

Nchi hiyo ni Uthai, iliyoko kusini-mashariki ya Asia, ambayo hadi mwaka 1939 ilijulikana kwa jina la Siam. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 wazee wengi kutoka Ulaya, Marekani na Australia, baada ya kustaafu kazi, wamehamia huko wamalizie maisha yao. Hawaendi kufanya kazi wala biashara. Wanakwenda na pensheni zao, wanapanga nyumba, na wengi wao wanaoa. Hata hivyo, kila mwaka hawana budi kuomba upya ruhusa ya kukaa, na kila baada ya siku 90 hawana budi kuitaarifu idara ya uhamiaji kwamba wangali wanaishi pale pale. Mtu aliyekaa huko miaka 20 amekwisha kutoa taarifa hiyo mara 80 hivi. Kwa nini iwe hivyo? Jibu haliwezi kupatikana katika fomu za leo peke yake. Tunapaswa kurudi nyuma.

Katika Siam ya zamani, mtu wa kawaida alikuwa na deni la kazi kwa mfalme au kwa mkubwa wake, na ili ajulikane ni wa nani alichanjwa alama ya wino katika kifundo cha mkono. Alama ile haikufutika. Wachina, ambao walikuwa wakiingia kwa wingi katika karne ya 19 kufanya kazi za bandarini, viwandani na katika biashara, hawakuchanjwa wala hawakutumikishwa kazi hiyo ya lazima. Badala yake walilipa kodi ya kichwa kila baada ya miaka mitatu. Aliyelipa alifungwa uzi katika kifundo cha mkono, na fundo la uzi likapigwa muhuri wa lakiri. Tajiri aliyeona aibu kutembea na uzi mkononi aliweza kulipa zaidi, akapewa hati ya karatasi. Tazama basi tofauti hii: mwenyeji alitiwa alama ya kudumu mwilini, na mgeni akatiwa alama ya muda, inayokatika na kufungwa tena. Kodi ile ya miaka mitatu ilipoondolewa, na Wachina wakatakiwa kulipa kodi ya kila mwaka kama Wasiam, wenye maduka wa Kichina mjini Bangkok walifunga milango yao kwa siku kadhaa mwezi wa Juni 1910.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuzisoma habari hizi bila ya kukumbuka kipande. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuchukua hati yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na watu wakaifananisha na kengele ya mbuzi. Lakini tusichanganye mambo. Mchina wa Bangkok alifungwa uzi akiwa ugenini. Mkenya alivishwa kengele akiwa nyumbani kwa baba yake, tena na mgeni.

Na Mzungu wa Bangkok je? Huyu hakufungwa chochote. Hapa ndipo historia ya Siam inapogusana na ya kwetu. Mnamo Machi 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts, aliyesafiri kwa manowari Peacock, alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Siam. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika safari hiyo hiyo, alitia saini mkataba mwingine mjini Maskati na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mkataba wa Maskati ulimpa balozi mdogo wa Marekani mamlaka ya kuamua ugomvi baina ya Wamarekani wenyewe, na balozi mdogo wa kwanza alifika Zanzibar mwaka 1837. Siam ilifikiwa na masharti ya namna hiyo, tena makali zaidi, mwaka 1855, katika mkataba uliofanywa na Mwingereza Sir John Bowring. Kwa mkataba huo raia wa Uingereza akaaye Siam hakuhukumiwa na mahakama za Siam. Alijiandikisha kwa balozi wake mdogo. Ni pale tu alipotaka kwenda mbali zaidi ya mwendo wa saa 24 kwa mashua kutoka Bangkok ndipo alipohitaji hati ya serikali ya Siam, na hata hiyo aliombewa na balozi wake. Mataifa mengine yakafuata nyayo hizo hizo. Kwa ufupi, mwenye nyumba hakuwa na orodha kamili ya wageni wake. Orodha ilikuwa mikononi mwa wageni wenyewe.

Siam haikupata kutawaliwa na wakoloni, na Wathai hujivunia jambo hilo kwa haki. Lakini ilichukua miaka mingi ya mazungumzo, kuanzia mikataba mipya ya miaka ya 1920 hadi ile ya 1937 na 1938, ndipo mgeni wa Kizungu alipowekwa chini ya sheria ya nchi sawasawa na mgeni mwingine yeyote. Sheria ya kwanza ya uhamiaji ilitungwa mwaka 1927, katika zama ambazo dunia nzima ilikuwa ikijifunza kutumia pasipoti: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza watu wengi walisafiri bila ya hati hiyo, na mkutano wa kuweka mfano mmoja wa pasipoti ulifanyika Paris mwaka 1920. Anayetaka kuelewa kwa nini dirisha la uhamiaji la Bangkok halina haraka wala upendeleo kwa Mzungu, na aanzie hapo. Kwa muda wa miaka 80 hivi dirisha hilo halikuwapo kwa ajili yake.

Wastaafu walikuja baadaye sana. Wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilikuwa na viwanja vya ndege za kivita nchini Uthai, kama vile Udon, Ubon, Korat na U-Tapao, na askari wake huko walikaribia 50,000 mwishoni mwa miaka ya 1960. Majeshi hayo yaliondoka kufikia mwaka 1976. Baadhi ya vijana wale walikuwa wameoa huko. Wengine waliikumbuka nchi, nao walipozeeka wakairudia. Utalii nao ulipanuka, hospitali za Bangkok zikapata sifa, na pensheni ambayo London au Hamburg ilitosha kwa chumba kimoja na baridi ya miezi sita, huku ilitosha kwa nyumba na bustani.

Sheria inayowahusu mpaka leo ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979, ambao katika kalenda ya Kibudha ya Uthai ni mwaka 2522. (Mwanafunzi na aongeze 543 kwenye mwaka wetu, atapata wao.) Kifungu cha 37 kinamtaka mgeni mwenye ruhusa ya muda, akikaa zaidi ya siku 90, kuitaarifu idara mahali anapoishi, na kurudia hivyo kila siku 90. Kifungu cha 38 kinamgeukia mwenye nyumba: anayempokea mgeni, awe mwenye hoteli au mtu wa kawaida, anapaswa kutoa habari katika muda wa saa 24. Anayesimamia haya yote ni polisi, kwa kuwa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo ni tawi la jeshi la polisi.

Kifungu hiki cha pili hakitamshangaza Mtanzania mwenye umri. Chini ya utaratibu wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, mgeni alipofika katika nyumba taarifa ilipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi alimjua kila aliyelala katika eneo lake. Hakuna aliyeona hayo kuwa ni dhuluma kwa mgeni. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema kwamba mgeni ni kuku mweupe, haonekani mmoja akasahaulika.

Masharti ya mstaafu yenyewe hayamo katika sheria ya 1979, bali yamewekwa kwa maagizo ya idara, na yamekuwa yakibadilika. Kwa muda mrefu sasa msingi wake ni huu: mwombaji awe ametimiza miaka 50, awe na akiba ya baht 800,000 katika benki ya Uthai, au pato la baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa yote mawili unaofikia 800,000 kwa mwaka. Wale walioingia nchini kabla ya tarehe 21 Oktoba 1998 waliachiwa viwango vya chini zaidi, jambo ambalo sisi tunaliona kuwa la utu, kwa kuwa mzee hawezi kurudi ujanani akatafute akiba mpya.

Mwaka wa mstaafu basi huenda namna hii. Ruhusa yake inapokaribia kwisha hukusanya pasipoti, picha, kitabu cha benki, barua ya benki, na nakala za kurasa zote, kila nakala akiitia saini. Huenda ofisini mapema, hupewa namba, hungoja. Hulipa baht 1,900, naye hupigiwa muhuri wa mwaka mmoja. Akitaka kusafiri nje ya nchi, tuseme kwenda kumzika ndugu yake, shurti kwanza achukue kibali cha kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Akitoka bila ya kibali hicho, ule muhuri wa mwaka mzima hufa pale pale mpakani, na yeye huanza upya kama mtu aliyefika jana. Taarifa ya siku 90 ni jambo jingine kabisa, na wageni wapya huchanganya mambo haya mawili. Taarifa haiongezi hata siku moja ya kukaa. Ni kusema tu, "Nipo." Hupokewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yake hadi siku 7 baada yake, haina malipo, na ushahidi wake si muhuri bali ni karatasi ndogo inayobanwa kwa pini ndani ya pasipoti. Anayechelewa hutozwa faini. Na yule anayepitiliza muda wa ruhusa yenyewe hutozwa baht 500 kwa siku, mwisho 20,000. Tena tangu Machi 2016 aliyepitiliza kwa zaidi ya siku 90 hufungiwa mlango kwa mwaka mmoja au zaidi, hata kama amejipeleka mwenyewe.

Mtu mwenye afya na fedha ataona haya yote kuwa ni usumbufu mdogo. Lakini uzee ndio wakati ambapo afya na fedha hupungua, na hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Mfano ni Waingereza. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa wastaafu walioko nyumbani na katika baadhi ya nchi za nje. Katika nchi nyingine, na Uthai ni mojawapo, hubaki pale pale ilipokuwa siku mstaafu alipohamia, au alipoanza kuipokea akiwa huko. Mzee wa miaka 85 aweza kuwa anaishi kwa kiwango cha miaka 20 iliyopita, huku bei za soko la leo zikimcheka. Hapo awali mgeni aliweza kuthibitisha pato lake kwa barua ya ubalozi wake. Kufikia mwanzo wa mwaka 2019 balozi za Uingereza, Marekani na Australia ziliacha kutoa barua hizo. Mwaka huo huo idara ya uhamiaji iliagiza kwamba akiba ya 800,000 ikae benki miezi miwili kabla ya ombi na miezi mitatu baada yake, na wakati mwingine wowote isishuke chini ya 400,000. Fedha ambayo mzee aliiweka kwa ajili ya maradhi ikawa haiguswi siku maradhi yanapokuja. Tusisahau kwamba aliyemwacha mkono kwanza ni serikali yake mwenyewe.

Sasa tulirudie jembe. Mstaafu haruhusiwi kufanya kazi, na sharti hili limeandikwa wazi. Sheria ya mwaka 2008 juu ya ajira za wageni ilieleza kazi kuwa ni kutumia nguvu au maarifa, kwa ujira au bila ya ujira. Kwa maelezo hayo mwalimu mstaafu aliyetaka kuwafundisha watoto wa kijiji hesabu bila ya malipo alikuwa anafanya kazi, na alihitaji kibali ambacho viza yake haikumruhusu kukipata. Maelezo hayo yalirekebishwa baadaye, lakini katazo kwa mstaafu limebaki. Na jembe lenyewe lilitajwa: amri ya mwaka 1979, mwaka ule ule wa sheria ya uhamiaji, iliorodhesha kazi 39 zilizohifadhiwa kwa ajili ya Wathai, na kilimo kilikuwa miongoni mwake, pamoja na useremala, kinyozi na ufinyanzi. Orodha hiyo ililegezwa mwaka 2018 kwa manufaa ya vibarua wa nchi jirani, si kwa wastaafu. Ardhi pia mgeni hamiliki. Shamba analolinunulia jasho lake la ujanani huandikwa kwa jina la mkewe. Ukaazi wa kudumu upo katika sheria, lakini kwa watu 100 tu wa kila taifa kwa mwaka, na njia zake za kawaida ni kazi, mtaji, utaalamu au familia. Uzee peke yake si njia.

Hatusemi kwamba Uthai imekosa. Nchi yenye wakulima wengi maskini ina haki ya kuwalindia kazi zao, na tumeona jinsi ilivyoteseka kwa wageni wasioshikika kisheria. Wala si peke yake. Nchini Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2011, kibali cha daraja K hupewa mtu aliyetimiza miaka 35 mwenye pato la uhakika, kwa ahadi kwamba hataajiriwa. Wazee wa Kizungu tunaowaona Malindi au Diani wakinywa kahawa asubuhi, wengine wao wako chini ya ahadi hiyo. Tunachosema ni kwamba mpango wa namna hii humfanya mtu awe mgeni wa siku mbili kwa miaka 30. Jirani humzoea, watoto humwita babu, yeye mwenyewe hujifunza lugha nusu nusu. Lakini mbele ya dirisha daima ndiyo kwanza amefika. Na kwa kuwa hakupewa jembe, jirani naye hana la kumtetea isipokuwa kwamba ni mtu mwema na hulipa vizuri.

Mambo ya karatasi yanapungua. Taarifa ya siku 90 sasa yaweza kupelekwa kwa posta au kwa intaneti, na tangu tarehe 1 Mei 2025 kadi ya kuingilia nchini hujazwa kwa intaneti kabla ya safari. Wajibu wenyewe haukupungua. Mzee asiyeweza tena kutoka kitandani anaendelea kuwa na siku zake 90, ila kwa hili anaruhusiwa kumtuma mtu mwingine. Aliyetumwa, ambaye aweza kuwa mkewe, au mtoto wa kambo, au mwenye nyumba, hufika na pasipoti ya mgonjwa na fomu iliyotiwa saini kwa mkono unaotetemeka. Afisa haulizi hali ya mgonjwa, si kazi yake. Huhesabu siku 90 mbele, huchapa tarehe, hukata kipande cha karatasi, na kukibana kwa pini mahali kilipokuwa kile cha awali.